Kabla kambi za dagaa hazijatawanyika

Kirusi kipya cha njia ya hewa kikitangazwa, Mwanza tunakimbilia uwanja wa ndege na stendi za mabasi na vipimajoto vya paji la uso. Mimi ningeanzia kwenye kambi za dagaa.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikomaa dagaa hawafuati taa tena, mitumbwi inapandishwa ufukweni, na kambi inatawanyika: huyu Ukerewe, yule Musoma, mwingine Bukoba. Kwa Korona, dalili zilianza mara nyingi siku ya tano au ya sita, na ziliweza kuchelewa hadi siku 14. Aliyeambukizwa kwenye kibanda wanamobanana wavuvi wakilala mchana, mlango umefungwa kuzuia mwanga, ataugulia kwao. Kipimajoto cha stendi hakitamnasa, maana homa bado.

Kwa hiyo siku tatu kabla ya mbalamwezi kukomaa, mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite kambini na kiongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi wa ufukwe. Waandike jina, simu, mtumbwi na kila mmoja anakokwenda, kisha waulize: nani ana homa na kikohozi vilivyoanza ndani ya siku 10?

Mwenye dalili hizo achukuliwe sampuli ya puani au kooni, na sampuli ndiyo inayotuangusha. Kijiti cha kuchukulia sampuli kikiwa cha pamba chenye mpini wa mti kinaweza kuharibu kipimo cha PCR, kile cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi. Kinachofaa ni cha nyuzi za sintetiki, mpini wa plastiki. Kichupa cha sampuli kiandikwe jina, tarehe na saa papo hapo, kisha kikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 na kifike maabara ndani ya saa 72. Kikichelewa zaidi, kinahitaji nyuzi 70 chini ya sifuri. Friza ya kuhifadhia sangara si msaada hata kidogo: ugandishaji wake wa polepole unaharibu virusi. Na kwa kuwa ziwa likichafuka kivuko hakiondoki, sampuli ya kisiwani ichukuliwe asubuhi, kabla ya safari ya kwanza, si jioni.

Kuna jambo zito kuliko yote haya. Mvuvi analipwa kwa mgawo. Asipoingia mtumbwini hana chake. Ukimwambia ajitenge bila chakula, ataficha kikohozi, na sitamlaumu. Halmashauri itenge unga, maharage na vocha ya simu kwa kila atakayetengwa, kabla ya kununua kipimajoto kingine cha stendi.