Mchoro Unaojua Kupita Kiasi

Henry Holiday, mchoraji wa shairi refu la kipuuzi la Lewis Carroll lililotoka mwaka 1876, aliwahi kumpelekea mwandishi picha ya Boojum, kiumbe ambaye ukikutana naye unatoweka usionekane tena. Carroll alilisifu dude hilo, kisha akalikataa. Alitaka Boojum abaki kitu kisichowazika.

Wanaosema hadithi fupi za ubwege, yaani zinazovunja mantiki makusudi, hazihitaji picha wana hoja. Mrusi Daniil Kharms aliandika mwaka 1937 habari za mtu mwenye nywele nyekundu. Tunaambiwa hana macho wala masikio, hata nywele hana, hana mikono, miguu wala tumbo, mpaka haijulikani anayezungumziwa ni nani. Haya, mchore huyo! Ukichora hata kiatu chake umeshamrudishia mguu.

Lakini upande wa pili yupo Edward Lear, Mwingereza mtunzi wa beti fupi za kipuuzi. Kitabu chake cha 1846 alikichora mwenyewe, naye alikuwa ameshajijengea jina kwa kuchora ndege, hasa kasuku, kwa usahihi wa kitaalamu. Soma beti zake bila picha: mara nyingi mstari wa mwisho unaurudia tu wa kwanza, na kicheko kinafifia hapo hapo. Mchoro ndio unaouokoa ubeti. Watu wake husimama mikono imerushwa nyuma mithili ya mabawa, macho yamewatoka, na wengine wanafanana kabisa na ndege walio mbele yao, jambo ambalo ubeti haulitaji popote. Picha inaleta upuuzi wake yenyewe.

Kwa hiyo ugomvi wangu ni na mchoro unaofafanua, ule wa ndimi nje na macho makengeza unaomwamuru msomaji acheke. (Na ni mingi mno.) Mzaha unaosimuliwa kwa uso mkavu unataka mchoro mkavu vilevile.

Edward Gorey, mwandishi na mchoraji wa Marekani, alilijua hili. Kitabu chake cha 1963 kinaua watoto 26, mmoja kwa kila herufi ya alfabeti ya Kiingereza. Maneno yanakitaja kifo waziwazi; michoro mingi inaishia kitambo kidogo kabla ya balaa, mtoto bado mzima. Kwa Kharms, hata mbinu hiyo sioni ingefaa. Hadithi yake haina hicho kitambo cha kabla: mtu wake ameshakosa macho na masikio tangu sentensi ya kwanza.