Muuaji kageuka malaika, zimebaki kurasa kumi

Kurasa mia tatu nzima za riwaya jamaa anachoma nyumba, anasaliti ndugu zake, anacheka msibani. Zikibaki kumi, mtoto mmoja anamtazama kwa huruma, basi: kalia, katubu, kakumbatiwa. Jamani! Na aliowaua je? Yule mjane wa sura ya nne, niliyemlilia mimi mwenyewe, hatajwi tena hata kwa bahati mbaya.

Sisemi mtu mbaya asibadilike. Scrooge, bahili wa hadithi ya Charles Dickens, "A Christmas Carol", tangu 1843, anageuka kwa usiku mmoja tu na bado namwamini. Tumeoneshwa utoto wake wa upweke, mchumba aliyeondoka baada ya kuona pesa zinapendwa kuliko yeye, na kaburi lisilo na wa kulililia. Tena kukicha anafungua mkoba. Na kwa bahili yule, hapo ndipo panapouma.

Hawa wengine toba yao ni ya bure. Au mwandishi anamuua papo hapo akishatubu, asije akakutana na mjane yule akaulizwa maswali. Mimi nimekesha nikisubiri kukutana huko, naishia kusoma neno "Mwisho".