Kisa Hafifu, Albamu Nzito
Wasioipenda metali progresivu, tawi la roki nzito lenye nyimbo ndefu na midundo tata, wana lawama tatu wanazozirudia kuhusu albamu za kisa kimoja: hadithi haina kichwa wala miguu, nyimbo ni ndefu kupindukia, na wapigaji wanajionyesha tu. Hawasemi hayo kwa chuki tu. Scenes from a Memory, albamu ya bendi ya Kimarekani Dream Theater iliyotoka mwaka 1999, inawapa ushahidi wa kutosha. Nicholas analazwa usingizi na tabibu ili akumbuke maisha aliyowahi kuishi, na anagundua kwamba zamani alikuwa Victoria, msichana aliyeuawa mwaka 1928. Andika kisa hicho kwenye karatasi, mhariri atakurudishia kabla hajafika ukurasa wa pili. Mwisho wenyewe umefumbwa: sauti ya tabibu, mshtuko, kisha mkwaruzo wa santuri. Kwamba tabibu huyo ndiye muuaji aliyerudi duniani, video ya onyesho lao la New York ndiyo iliyoweka wazi. Hadithi inayongoja video ili ieleweke ina kasoro, hilo halina ubishi.

Na humo humo kuna The Dance of Eternity, ala tupu kwa dakika sita, ambamo hesabu ya mapigo inabadilika zaidi ya mara mia moja. Kisa kinawekwa kando kusubiri vidole vimalize kazi.

Lakini anayeishia hapo amesoma kijitabu cha maneno, hajasikiliza. Kisa katika albamu hizi ni kiunzi; kinachosimulia ni tuni. Sikiliza kiitikio cha One Last Time, wimbo wa albamu hiyo hiyo. Nicholas bado anatilia shaka yale aliyoambiwa kuhusu mauaji, anajiuliza kama kweli Victoria aliagana na mpenzi wake, na kiitikio kinapita kama wazo tamu lisilo na mwenyewe. Unapita wimbo mmoja, kisha Finally Free inaturudisha mwaka 1928. Wapenzi wawili wamekumbatiana, muuaji amefika, na kiitikio kile kile kinaimbwa tena. Hakijabadilika, tulichokuwa hatujui ni kwamba tangu mwanzo kilikuwa cha watu walio karibu kufa. Hakuna sentensi inayotufafanulia hayo. Sikio lenyewe linakumbuka, na linakumbuka kwa sababu lilishakaa na tuni hiyo dakika kumi na kitu zilizopita. Tenzi zetu zinalijua jambo hili: kina cha mwisho kinachorudi ubeti baada ya ubeti ndicho kinachofunga mamia ya beti kuwa kitu kimoja. Cheza wimbo huo peke yake, au changanya orodha ovyo, na sehemu kubwa ya uzito wake inapotea.

Ndiyo maana lawama ya urefu hainishawishi sana. Kumbukumbu haitengenezwi kwa dakika nne. Operation: Mindcrime ya bendi ya Queensrÿche, ya mwaka 1988, iliufanya urefu huo uzae matunda: Nikki, mhusika mkuu, yuko hospitalini akikumbuka yaliyompata, na wimbo wa mwisho, Eyes of a Stranger, unapofika tamati, vipande vya nyimbo zilizotangulia vinapita mbio kama fikra za mtu aliyechanganyikiwa. Nani alimuua Mary, mtawa aliyekuwa rafiki wa Nikki? Albamu haisemi, na wasikilizaji waliendelea kubishana.

Kasoro inayoniudhi mimi ni nyingine, na haitajwi sana: wahusika kutangaza hisia zao badala ya kuzionyesha. Nina hasira, naogopa, nakupenda. Arjen Lucassen, mtunzi wa Uholanzi, aliikwepa kwa ujanja katika The Human Equation ya mwaka 2004. Mtu amezimia baada ya ajali ya gari, kila wimbo ni siku moja kati ya siku 20, na Woga, Hasira na Kiburi ni wahusika kamili wenye waimbaji wao. Woga akisema anatisha, ni haki yake. James LaBrie, mwimbaji wa Dream Theater, anaimba nafasi moja tu humo, ya mgonjwa mwenyewe, na anatosha.

Mwaka 2016 LaBrie huyo huyo aliimba wahusika wote wa The Astonishing, albamu ya Dream Theater yenye nyimbo 34, zaidi ya saa mbili. Tuni zinarudi, tena kwa ustadi, ila zinatengana mno hata sikio linachoka kuzingoja, na mfalme na mwasi wanatoka koo moja. Kwa albamu hiyo, walalamikaji nawaachia uwanja.