Si Kila Kisichoonekana ni Mdudu wa Maradhi

Juzi mtoto wa dada yangu karudi skuli na daftari la sayansi limepigwa wino mwekundu. Aliulizwa viumbe vya seli moja vina athari gani. Akaandika: vyengine vinaleta maradhi, vyengine vinaelea baharini na kula bakteria, havimdhuru mtu. Sentensi ya pili imekatwa.

Nimekasirika, na hasira haijashuka. Malaria inaletwa na kiumbe cha seli moja, hilo sibishi. Visiwa hivi vya Zanzibar vimezika watu wengi kwa malaria. Lakini kumfundisha mtoto wa pwani kwamba kila asichokiona kwa macho ni adui yake ni kumnyima bahari yake mwenyewe.

Jumamosi nikamchukua Jambiani, kijiji cha pwani ya Unguja, maji yamekupwa, tukashuka kwa kina mama wanaolima sponji, mnyama wa baharini, kwenye kamba. Mmoja akatuonesha sponji mmoja, akatukataza kumtoa majini, maana hewa inamuumiza. Ubavuni ana vitundu kama vya ncha ya sindano, juu tundu moja kubwa. Binti akavaa miwani ya kuzamia, akasogeza uzi wa mwani mbele ya tundu lile. Ukasukumwa nje, taratibu. Akaibuka: "Mjomba, anapumua!"

Nikamwambia, yanayosukuma maji yale ni maelfu ya seli zilizomo ndani yake. Kila moja ina mkia unaochapa, na mkia umezungukwa na kola ya vijinywele vinavyonasa bakteria. Sasa, wapo viumbe wa seli moja wenye mkia huohuo na kola hiyohiyo, kila mmoja anajitafutia chakula chake. Wanaitwa koanoflajelati. Mmarekani Henry James-Clark aliuona mfanano huo tangu miaka ya 1860. Mwaka 2008 wanasayansi wakachapisha jenomu, yaani maagizo yote ya urithi, ya mmoja wao, Monosiga brevicollis: jeni kama 9,200, na ndani yake zimo za kadherini, protini ambazo miili ya wanyama inazitumia kushikanisha seli. Kiumbe wa seli moja, na gundi anayo! Kati ya viumbe vyote vilivyo hai visivyo wanyama, hakuna walio karibu na wanyama kuliko hawa. Si babu zetu. Ni binamu, babu ni mmoja.

Wapo watakaonijia na mjadala wa asili ya viumbe. Waje, lakini waanze kwa kuitazama ile kola kwenye darubini.

Mwalimu simtupii lawama zote, mtihani nao unambana. Ila jibu la mtoto lilikuwa sahihi, na nitakwenda kumwambia hivyo, kwa adabu, daftari mkononi. Binti kashanitangulia: kaosha chupa ya maji, kaianika dirishani, anauliza bamvua lini.