Ziara za Mafunzo Ufini: Mgeni Huona Nini?

Matokeo ya kwanza ya upimaji wa kimataifa wa PISA yalipotangazwa Desemba 2001, vijana wa Ufini wenye umri wa miaka 15 waliongoza katika kusoma, na tangu hapo walimu na maofisa elimu wa nchi nyingi wamekuwa wakimiminika Helsinki kwa ziara za mafunzo, ambazo sasa ni biashara kamili.

Anayezitetea ziara hizo ana hoja. Sheria ya mwaka 1943, iliyoanza kutekelezwa kikamilifu mwaka 1948, inampa kila mwanafunzi mlo wa bure. Lakini ni katika bwalo tu ndipo mgeni anapomwona mtoto wa darasa la kwanza akijipakulia viazi kwa kufuata sahani ya mfano iliyowekwa mwanzoni mwa foleni, kisha akaketi na maziwa yake meza moja na mwalimu. Hata matembezi ya Oodi, maktaba ya umma ya Helsinki iliyofunguliwa mwaka 2018, siyadharau: usomaji wa Wafini haukujengwa darasani peke yake.

Tatizo ni kwamba mgeni wa wiki moja hapewi jembe. Anaona watoto waliovua viatu, mapumziko ya dakika 15 baada ya somo la dakika 45, na shule zisizo na wakaguzi, akaondoka akiamini kwamba ameikuta siri. Asichokiona ni mfuatano wa hatua. Shule moja ya pamoja kwa watoto wote ilianza kuenezwa mwaka 1972 kutoka Lapland, kaskazini mwa nchi, ikafika eneo la Helsinki mwaka 1977. Mwishoni mwa muongo huo ndipo mwalimu wa darasa alipotakiwa kuwa na shahada ya uzamili. Na ukaguzi ulifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, walimu hao wakiwa tayari wamejaa shuleni. Nchi itakayoanza kwa kufuta ukaguzi, kwa sababu ndicho kitu chepesi na kisicho na gharama, itakuwa imeanzia mwisho.

Tena darasa linalotembelewa leo silo lililoleta sifa. Wastani wa Ufini katika hisabati za PISA ulikuwa alama 544 mwaka 2003. Mwaka 2022 ulikuwa 484. Wafini wenyewe wanabishana kuhusu sababu, na tangu Agosti 2025 sheria inazuia matumizi ya simu wakati wa masomo. Ratiba isiyogusa anguko hilo ni utalii, hata ikiitwa mafunzo.

Kwa maoni yangu ziara hizi zisifutwe, bali zipunguziwe madarasa ya kutazama. Shule nyingi za Ufini zinaendeshwa na manispaa, kwa hiyo siku nzima ingetumika katika ofisi ya elimu ya manispaa mojawapo, wageni wakiuliza ni nani anayemwajiri mwalimu, fedha za chakula zinatoka wapi, na bajeti inapopungua ni kitu gani hukatwa kwanza.