Elfu tatu kwa punda aliyevunjwa mguu: Bunge ikaze sheria, lakini iangalie itamkaza nani

Sheria yetu ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, ile Cap 360, ni ya 1962, kabla hata hatujapata uhuru, na mpaka leo ukimchapa punda ukamvunja mguu ama umpakie mzigo mpaka aanguke, adhabu kubwa ya korti ni faini isiyozidi shilingi 3,000, ama jela miezi sita, ama zote mbili. Elfu tatu! Hiyo saa hii ni kama pesa ya kujaza mtungi mmoja wa gesi ya kilo 13.

Na si ati Bunge haijui kukaza sheria. 2013 ilipitisha sheria ya wanyamapori, na kwa wale wanyama walio hatarini kuisha, kama tembo na kifaru, ikaweka faini kuanzia milioni 20 ama kifungo cha maisha. Nakubaliana nayo kabisa. Lakini punda, mbuzi na mbwa pia wanasikia uchungu, tofauti ni kwamba hakuna mtalii anawalipia kuwaona.

Sasa wale wanaopinga adhabu ipandishwe wana hoja, na tusiwapuuze. Fikiria kijana wa Kawangware anabeba maji na mkokoteni wa punda, hana duka hana shamba, huyo punda ndio kazi yake yote. Ukiandika faini ya laki mbili kwa sheria si ati atalipa, atatoa kitu kidogo kwa askari wa kwanza atakayemsimamisha, kesho asimamishwe tena, na ile pesa ingenunua dawa ya kidonda cha punda imeishia mfukoni mwa mtu. Yeyote ameona vile kanjo, wale askari wa kaunti, hushughulika na mama mboga hapa Nairobi anajua hii si hofu ya bure. Kwangu hii ndio hoja nzito kuliko zote za upande ule.

Ile hoja yao ingine ya kusema tunaiga wazungu haina uzito. Wafugaji wetu walijua kuchunga mnyama kabla ya hiyo Cap 360, na Waislamu wanaijua hadithi ya yule mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa njaa na akaadhibiwa kwa hiyo.

Kuna wengine wanasema sheria iko sawa, shida ni utekelezaji tu. Nusu ya hiyo ni kweli. Lakini jiulize, ni askari gani atamaliza siku akitafuta daktari wa mifugo wa kutoa ushahidi, aandike faili, apeleke mtu kortini, mwishowe hakimu atoze elfu mbili? Adhabu ikiwa ndogo hivyo hata kesi zenyewe hazifiki kortini, kwa hivyo huwezi tenganisha hayo mambo mawili.

Angalia ile maneno ya punda. Kuanzia 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa hapa Kenya, vikafika vinne, kazi ikiwa ngozi za kupeleka China zikatengenezwe ile dawa ya ejiao. Wizi wa punda ukapanda, wengine wakichunwa ngozi usiku na mwenyewe anapata mzoga tu asubuhi. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu punda karibu milioni 1.8, ya 2019 ikapata karibu milioni 1.2. Februari 2020 Peter Munya, aliyekuwa waziri wa kilimo, akapiga marufuku hiyo kazi ya kuchinja punda, watu wakashangilia, alafu Mei 2021 Mahakama Kuu ikaifuta hiyo marufuku, ambayo ilikuwa agizo la waziri tu, si sheria iliyopitia Bunge. Hata Umoja wa Afrika Februari 2024 ulikubaliana kusitisha hii biashara ya ngozi kwa miaka 15, lakini makubaliano ya viongozi huenda yasisimame kortini kama hakuna sheria ya nchi. Na walioumia zaidi na huo wizi ni wale wale maskini tunaambiwa sheria kali itawaumiza.

Mbwa pia. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu vinatoka kwa mbwa, na inayosaidia ni kuchanja angalau asilimia 70 yao, si kuwatupia sumu mitaani, kwa hivyo hapo kumlinda mnyama ni kumlinda mtoto wa shule.

Kwa hivyo waheshimiwa, pandisheni adhabu, lakini muipange kwa ngazi. Mwenye mkokoteni mmoja, mara ya kwanza apewe onyo na amri ya kumpeleka punda kwa daktari, akirudia ndio ashtakiwe. Mwenye lori anayeshindilia ng'ombe safari nzima bila maji, mwenye kichinjio, mwizi wa punda, hao wapigwe faini ya kuumiza biashara na leseni iende. Faini ilipwe kortini, isipokewe barabarani hata shilingi. Katiba tayari imezipa kaunti kazi ya ustawi wa wanyama, kwa hivyo sheria iseme wazi kila kaunti, Nairobi ikiwa ya kwanza, iajiri maafisa wa mifugo wa kukagua masoko na vichinjio, na MCA, wale wawakilishi wa wadi, watenge hiyo pesa kwa bajeti. Kama mbunge wako hajawahi kuongea hii maneno, mpigie, na akisema wananchi wana shida kubwa zaidi, muulize waliochunwa punda wao usiku walikuwa wananchi wa wapi.