Kushusha pumzi Bukavu: tunaogopa nini katika tiba inayoanzia mwilini?

Mwezi uliopita, baada ya sala ya shirika letu, yaani jumuiya ndogo ya Kikristo, hapa Kadutu, mtaa wa mji wa Bukavu mashariki mwa Kongo, mabishano yalizuka kuhusu akina mama wanaokutana kila Alhamisi kwenye uwanja wa jirani. Wanatandika mikeka, APS wao, yaani msaidizi wa kisaikolojia na kijamii, anawaongoza kupumua polepole, kulegeza mabega, kuimba wimbo usio na maneno, kisha ndipo wanaongea. Baba mmoja mzee wa shirika alisema hayo ni mambo ya Kihindi na yanawafungulia mapepo mlango. Mama muuguzi akasema mapepo hayamhusu, hofu yake ni nyingine: mwenye maumivu anahitaji vipimo na dawa, na saa anayolala mkekani ni saa ya ugonjwa kukomaa. Siku ile nilinyamaza kwa heshima ya wote wawili. Ninalofikiri ni hili.

Keti asubuhi moja kwenye benchi la kituo chochote cha afya cha mji huu, usikilize watu wanavyoeleza shida zao. Ni nadra kumsikia mtu akisema ana huzuni. Atasema moyo unampapa, kichwa kinawaka moto, kuna kitu kimemkaba kooni, usingizi umemkimbia tangu walipotoroka kijiji. Anapimwa malaria, hana. Anapimwa tansio (presha), iko sawa. Anapewa dawa ya gastriti, anarudi nyumbani. Wiki tatu baadaye yuko palepale. Akichoka, ndugu wanamwambia amelishwa sumu, wanampeleka kwa mtu wa kumtapisha kwa miti. Au anapelekwa chumba cha maombi afunge siku tatu, yeye ambaye hajala vizuri tangu mwaka jana. Kila mlango anaoupitia unamwambia mwili wake unadanganya au umerogwa.

Tiba ya mwili na nafsi kwa pamoja inaanza kwa kumwamini. Moyo wako unapapa kweli, mama, na kuna sababu. Hatari inapokuja, mwili unajiandaa kukimbia au kupigana: adrenalini inamwagika, misuli inakaza, pumzi inakuwa fupi. Hatari ikipita, mambo hutulia. Kwa aliyekimbia mara mbili, mara tatu, aliyefanyiwa ukatili mbele ya watoto wake, kengele inaendelea kulia hata akiwa anachambua sombe jikoni. Mlango ukigongwa, anaruka. Huwezi kumtuliza mtu wa namna hiyo kwa kumwambia tu kwamba vita viko mbali, kwa sababu sehemu yake iliyoshtuka haisikii hoja. Lakini pumzi inaisikia. Mtu akipumua taratibu, kama mara 6 kwa dakika, akitoa hewa kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, mapigo ya moyo hupungua. Kazi hiyo hufanywa na neva iitwayo vagasi, inayotoka kwenye ubongo, ikapita shingoni hadi kifuani na tumboni. Daktari yeyote anaijua.

Wazazi wetu walilijua jambo lenyewe bila kujua jina la neva. Mwenye hofu tunasema yuko roho juu. Aliyepata pigo zito amekufa ganzi. Habari njema ikifika, tunashusha pumzi. Na kwenye kilio, akina mama hawaji kumpa mfiwa mashauri. Wanaketi naye chini, bega kwa bega, wanaimba usiku kucha, wanayumba pamoja, wanapika, wanamshika akianguka. Ningemuuliza baba mzee, kwa heshima zote, ni pepo gani aliyemwona akiingia kwa njia hiyo miaka yote aliyohudhuria vilio.

Hata hivyo hofu yake ina mzizi. Yoga ilitoka India na ilizaliwa ndani ya dini, na Mkristo au Mwislamu asiyetaka kutamka maneno ya ibada ya wengine ana haki kamili. Asilazimishwe, na anayeongoza aeleze waziwazi kila zoezi ni la nini. Akina mama wa Alhamisi hawatamki chochote cha aina hiyo. Wanaanza kwa Baba Yetu.

Hoja ya muuguzi ni nzito zaidi, na naikubali karibu yote. Mji wetu unajulikana duniani kwa hospitali ya Panzi, inayotibu wanawake waliobakwa, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, na sehemu kubwa ya kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 ni upasuaji. Fistula haifungwi kwa pumzi. Mwanamke anayevuja mkojo anahitaji mshonaji hodari, na kumwambia asikilize mwili wake kabla ya kumtibu ni kumwongezea aibu. Vivyo hivyo mwenye kifafa, au anayesikia sauti zisizokuwepo: huyo apelekwe SOSAME, ambako Mabruda wa Upendo wanatibu maradhi ya akili tangu 1994. Kuna na jambo ambalo waongozaji wachanga hawalijui. Kumwambia aliyebakwa alale chali na kufunga macho kunaweza kumrudisha moja kwa moja kwenye usiku ule. Anayejua kazi humwacha aketi, macho wazi, karibu na mlango.

Lakini tazama Panzi yenyewe inavyofanya. Daktari Mukwege hakuishia kwenye kisu. Utaratibu wao una nguzo nne: matibabu, msaada wa kisaikolojia na kijamii, sheria, na kumrudisha mtu kwenye kipato. Wanawake wanatunga nyimbo za yaliyowapata na kuzirekodi, pamoja na mtaalamu wa saikolojia na mtengenezaji wa muziki. Katika kituo cha Cité de la Joie, kilichofunguliwa hapa mjini mwaka 2011, wanawake walionusurika ubakaji hukaa miezi 6, na ngoma, maigizo na mafunzo ya kujihami yamo kwenye ratiba pamoja na mazungumzo ya tiba. Wanaojua uzito wa jeraha kuliko sisi sote hawakuona aibu kucheza ngoma.

Wapinzani wenye elimu hupenda kutaja utafiti mmoja, nami nimeufikiria muda mrefu. Ulichapishwa mwaka 2013 na ulifanyika vijijini, huku huku mashariki mwa Kongo, kwa wanawake walionusurika ubakaji. Vijiji vingine vilipata tiba ya kuchambua mawazo katika vikundi, vingine vikapata msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi 6 baada ya tiba, waliokuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 kwenye vikundi na asilimia 42 kwa wale wengine. Tisa kwa arobaini na mbili! Wanasema: mnaona, ni maneno yaliyoponya, mikeka ya nini?

Tiba ile ilikuwa ya mawazo na ya maneno kweli, na anayedai kwamba mazungumzo hayana kazi anapingana na namba hiyo. Ila upande mmoja walikuwa kikundi, upande mwingine kila mtu peke yake. Kwa hiyo jaribio haliwezi kutenganisha nguvu ya mbinu na nguvu ya kuketi pamoja, wanawake wa kijiji kimoja, kila mmoja akigundua kwamba jirani yake pia halali usiku. Kingine ninachokithamini sana ni kwamba walioongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa hapa Kongo, wenye elimu ya sekondari, waliofundishwa vizuri na kusimamiwa kwa karibu. Nasisitiza kusimamiwa.

Upande wa mwili kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2014, wa Bessel van der Kolk na wenzake, kwa wanawake 64 wenye jeraha la nafsi ambalo tiba za awali hazikuliondoa. Wiki 10 za yoga zilipokwisha, 16 kati ya 31 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Kwa waliofundishwa afya ya wanawake badala ya yoga walikuwa 6 kati ya 29. Ni kundi dogo, la nchi nyingine, na 15 waliofanya yoga walibaki na ugonjwa wao. Sitaki mtu auze matumaini kwa namba hiyo. Ila wale 15 na wale 16 wote walikuwa wameshajaribu njia nyingine wakakwama, na mkwamo huo naufahamu kutoka kwenye lile benchi la kituo cha afya.

Wanaouza semina za siku mbili na kugawa vyeti vya uponyaji kwa dola 50, hao sina la kuwatetea.

Inabaki hoja ya vijana: kwamba kumfundisha mtu kupumua tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025 ni kumfundisha avumilie yasiyovumilika. Inaniuma, kwa sababu ina ukweli. Haki haiji kwa pumzi. Lakini anayeenda kutoa ushahidi mbele ya hakimu anahitaji sauti isiyokatika, na anayelea watoto 5 kwenye chumba cha kupanga anahitaji kulala. Amani ikichelewa, yeye asubiri akiwa macho?

Mradi uliomlipa APS wa Alhamisi ulikwisha mwezi Machi. Nilipita pale juzi jioni. Kwa miezi yote hii amekuwa akija bila mshahara, na hakuna tena mtaalamu wa kumsimamia, jambo linalonitia wasiwasi kuliko mapepo yote ya shirika. Akina mama walikuwa wameanza AVEC yao, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana: sanduku katikati, daftari, funguo tatu kwa watu watatu. Kabla ya kulifungua walinyamaza, mabega yakashuka, nikasikia watu ishirini na kitu wakitoa pumzi mara moja. Kisha mweka hazina akaanza kuita majina.